Kuchungwa Si Kulelewa: Mazungumzo Kuhusu Rosa na Baba Yake

(Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne katika shule moja ya sekondari. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa ili wasomaji wengine nao wafaidike. Mwishoni kuna maswali ya kujadili katika klabu zenu.)

 

Najua mlipoambiwa kwamba mgeni wa leo anatoka kwenye shirika la afya, mlinong'onezana: "Haya, leo tena ni UKIMWI na mimba." (Kicheko.) Msijali. Leo nimekuja na hadithi. Nani hapa amesoma Rosa Mistika? Naona mikono michache, na wengine mnatazamana mkicheka. Basi habari zake mmezisikia.

Riwaya hii iliandikwa na Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alizaliwa mwaka 1944 na kufariki Januari 2020. Kitabu kilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa bado kijana asiyefika miaka 30. Kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni, kwa sababu wakubwa waliona kinasema waziwazi mno mambo ya mapenzi. Hebu fikirini: kitabu kinaeleza hasara ya kumnyamazisha msichana, halafu nacho kikanyamazishwa! Baadaye kilirudi mikononi mwa wanafunzi, na mwaka 2025 kikatoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Jay Boss Rubin. Kwa hiyo hadithi iliyoandikwa zaidi ya miaka 50 iliyopita bado inatembea. Kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu nyumba ya Rosa bado ipo. Ipo Ukerewe, ipo Mbeya, ipo Tanga, na pengine ipo nyumbani kwenu.

NYUMBA YA ZAKARIA

Kwa wale ambao hawajasoma, nitaeleza kwa kifupi. Rosa ni binti wa kwanza wa Zakaria na Regina, na nyuma yake wapo wadogo zake. Hata jina lake ni mzigo. Rosa Mistika ni mojawapo ya majina anayoitwa Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki. Maana yake ni waridi la fumbo. Kwa hiyo mtoto huyu tangu ubatizo amevalishwa jina la usafi.

Baba yake, Zakaria, ni mlevi. Mzigo wa familia unambakia mama. Lakini kwa jambo moja Zakaria ni macho kodo: binti yake asionekane na mvulana. Katika mambo mengine ya nyumbani haonekani, katika hili yupo na fimbo. Rosa anapata barua kutoka kwa kijana aitwaye Charles. Barua tu, jamani. Zakaria anaigundua, na kipigo kinachofuata ni kikubwa mno.

Sasa nisimamie hapo kwenye barua. Rosa alijifunza nini siku ile? Je, alijifunza mwili wake unafanyaje kazi? Hapana. Alijifunza jinsi ya kumtambua mwanamume mwenye nia nzuri na mwenye nia mbaya? Hapana. Alijifunza kwamba mvulana ni hatari, na kwamba mwenye kujua hatari hiyo ni baba, na kwamba baba haulizwi. Basi. Somo likaishia hapo.

Mnajua, Kiswahili chetu kina maneno mawili ambayo wazazi wengi huyachanganya. Kuna kuchunga, na kuna kulea. Mbuzi anachungwa. Unamfungia zizini, unamfukuza asiingie shamba la watu, jioni unamhesabu. Humwelezi kitu, kwa kuwa mbuzi siku zote atakuwa na mchungaji. Mtoto analelewa. Unamfundisha ili siku moja aende mahali ambapo wewe hupo, na bado ajue la kufanya. Zakaria alimchunga Rosa. Hakumlea.

FIMBO HAIPANDI BASI

Kisha Rosa akaenda kusoma bweni. Mwanzoni ni mwoga, ni mcha Mungu, wavulana hawataki kabisa. Ukimtazama utasema, "Kumbe Zakaria alifanya kazi nzuri!" Subirini. Woga ule ulikuwa wa fimbo ya baba, na fimbo ile ilibaki Ukerewe. Haikupanda meli pamoja naye, haikupanda basi. Siku zilivyokwenda, Rosa akaanza kuona kwamba anaweza kufanya jambo na asipigwe. Sasa mtu ambaye sababu yake pekee ya kukataa ilikuwa kipigo, kipigo kikiondoka, sababu gani imebaki?

Anajitokeza Deogratias, mtu mzima mwenye cheo na fedha. Huyo ndiye anayemwingiza Rosa katika mapenzi. Baadaye, akiwa chuo cha ualimu Morogoro, Rosa anakuwa wa huyu na yule, na hata mkuu wa chuo anamtumia. Zinaingia mimba, zinatolewa. Halafu Rosa anatulia, anataka kuanza upya, na Charles yule wa barua anarudi. Wanapanga kuoana. Charles anapogundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anakata tamaa na kujiua.

Naona mmenyamaza. Na mimi nilipofika hapo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Lakini mwandishi hakuishia hapo. Mwishoni Rosa na baba yake, wote wameshakufa, wanasimama mbele ya Mungu, na kila mmoja anamtupia mwenzake lawama. Hebu oneni huzuni yake: baba na binti hawa walihitaji kufa kwanza ndipo wakazungumza! Maneno ambayo yangeweza kusemwa jikoni, au chini ya mti, au njiani kwenda ziwani, yamesemwa mahakamani, na tena kwa kushtakiana.

KOSA NI LA NANI?

Haya, tuamue. (Sauti: "La baba!" "La Rosa mwenyewe!") Taratibu, mmoja mmoja.

Wale mnaosema la Rosa mna hoja. Alikuwa na akili, alisoma, alichagua mengine mwenyewe. Wale mnaosema la Zakaria mna hoja pia, nimeshaieleza. Lakini nashangaa hakuna hata mmoja aliyemtaja Deogratias. Wala mkuu wa chuo. Wala Charles. Tunaposimulia habari za msichana aliyeharibikiwa, tunamweka kati yeye na wazazi wake, halafu wanaume waliopita hapo tunawaacha watoke kimyakimya kwa mlango wa nyuma.

Deogratias ni mtu mzima aliyejua anachofanya. Mkuu wa chuo alipewa dhamana. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi kimapenzi hampendi, anatumia cheo. Mwanafunzi akikubali kwa hofu ya kufeli, hiyo si hiari. Leo sheria ya Tanzania ina meno kuliko enzi za Rosa. Kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume akifanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wake, hilo ni kosa la kubaka hata kama msichana alisema ndiyo. Na kwa mabadiliko ya mwaka 2016 katika Sheria ya Elimu, anayempa mimba au kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30.

Charles naye? Wavulana, huyu ni wenu. Charles alitaka usafi ambao hakuna aliyemdai yeye. Hakuuliza Rosa amepitia nini. Aliuliza jambo moja tu, akapata jibu, akaondoka. Ukitazama vizuri, Charles na Zakaria wanafanana: wote wawili walimpima Rosa kwa kipimo kimoja, na hakuna aliyekaa akamsikiliza.

KWA NINI AKINA BABA WANANYAMAZA

Msiondoke hapa mkimchukia Zakaria tu. Chuki haitawasaidia jioni mkirudi nyumbani. Tujiulize kwa nini akina baba wengi hawazungumzi na mabinti zao.

Katika makabila yetu mengi, baba hakuwa mtu wa kumweleza binti mambo ya mwili. Ilikuwa mwiko. Kazi hiyo ilikuwa ya bibi na shangazi, na kwa watu wa pwani na kusini, ya somo au kungwi katika unyago. Si kila kilichofundishwa kilikuwa kizuri, lakini mtu wa kufundisha alikuwepo. Kisha watu wakahamia mjini, watoto wakaenda bweni, shangazi akabaki kijijini umbali wa siku nzima kwa basi. Kazi ya shangazi ikabaki bila mtu. Mama anadhani mtafundishwa shuleni, mwalimu anadhani mmefundishwa nyumbani, baba anadhani mkifundishwa mtajaribu. Nyinyi mnafundishana wenyewe kwa wenyewe gizani, na siku hizi mnafundishwa na simu.

Hiyo hofu ya baba, kwamba ukimwambia kijana atajaribu, ina jibu. Tafiti za nchi nyingi zimechunguzwa, na mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018 unasema wazi kwamba elimu sahihi ya mambo ya uzazi haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Kwa wengi husaidia kuchelewa, na wanaoanza hujikinga zaidi. Vilevile vijana wanaohisi kwamba wazazi wao wako karibu nao wana nafasi kubwa zaidi ya kuepuka mambo ya hatari. Kwa hiyo baba anayezungumza anamlinda binti yake kuliko baba mwenye fimbo.

Na nyuma ya fimbo mara nyingi kuna woga. Baba anaogopa aibu, anaogopa mimba, anaogopa ada yake ipotee bure. Hajui aanzie wapi kwa sababu hata yeye baba yake hakumwambia kitu. Anachokijua ni kukemea. Simtetei. Nataka tu ujue kwamba ukali na chuki ni vitu viwili.

KAMA BABA YAKO NI MKALI

Sasa tuje kwako wewe. Mambo matano ya kujaribu.

Kwanza, chagua saa. Usianze mazungumzo baba akiwa amekunywa, au amerudi kazini kachoka na njaa, au mbele ya wageni. Wengine huzungumza vizuri mkiwa na kazi ya mikono: mnapalilia, mnarekebisha baiskeli, mnatembea kwenda sokoni. Mkiwa hamtazamani uso kwa uso, maneno hutoka.

Pili, anza na dogo. Si lazima siku ya kwanza umuulize habari za mapenzi. Muulize alisoma wapi, alitembea kilomita ngapi kwenda shule, alimwogopa nani. Baba ambaye hajawahi kuulizwa kitu na mwanawe anaweza kukushangaza.

Tatu, tumia daraja. Mwambie, "Baba, shuleni tumesoma habari za Rosa aliyepigwa kwa sababu ya barua. Wewe ungefanyaje?" Hapo hamzungumzi juu yako wala yeye, mnazungumza juu ya Rosa na Zakaria. Hata gazeti hili unaweza kulisahau kwa makusudi mezani. (Kicheko.)

Nne, kama kwa baba haiwezekani, usibaki peke yako. Mama, bibi, shangazi, mjomba, kaka mkubwa, mwalimu wa malezi, matroni, muuguzi wa zahanati, kiongozi wa dini unayemwamini. Rosa alikuwa na watu wengi wa kumwona na hakuwa na hata mmoja wa kumweleza. Tafuta mmoja. Kama wa kwanza hakukusikiliza, nenda kwa wa pili.

Tano, ujue mpaka. Ukali ni jambo moja, kuumizwa ni jambo jingine. Ukipigwa ukaumia, ukinyimwa chakula, au mtu yeyote nyumbani, hata akiwa mzazi, akikugusa kwa namna ya ngono, hilo si la kuvumilia kwa heshima ya familia. Piga namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Simu ni bure. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au ofisi ya ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iko upande wako.

MASWALI KUTOKA KWENYE BOKSI

Mliandika maswali bila majina. Nitajibu manne.

"Dada, baba yangu amesema akiniona na mvulana ataacha kunilipia ada. Mvulana huyo ni rafiki wa masomo tu. Nifanyeje?" Mruhusu baba amjue rafiki huyo mchana kweupe. Someni mahali penye watu, mwambie mama mnasoma nini na mnamaliza saa ngapi. Kufichaficha ndiko kunakomfanya baba aone urafiki ni uchumba. Kama hakubali kabisa, mwombe mwalimu wa darasa azungumze naye siku ya kikao cha wazazi.

"Je, Rosa angekuwa leo angepata UKIMWI?" Swali zuri. Kitabu kilipotoka, ugonjwa huo ulikuwa haujajulikana. Wagonjwa wa kwanza 3 hapa Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ziwa lilelile Victoria. Leo mwenye virusi akitumia dawa za ARV kila siku anaishi, anasoma, anafanya kazi, lakini dawa ya kuponya kabisa bado. Kwa hiyo kusubiri ni salama zaidi. Asiyesubiri atumie kondomu kila mara, na kupima ni lazima. Lakini tazama jambo hili: ili ukubali kusubiri, au umwambie mwenzako "bila kondomu hapana", unahitaji kuwa mtu aliyezoea kusema analofikiri. Rosa nyumbani alizoeshwa kunyamaza. Mtoto asiyeruhusiwa kumwambia baba "hapana, naomba unisikilize" atamwambiaje mwanamume mwenye fedha?

"Rafiki yangu ana mimba na anaogopa baba yake atamuua. Anasema atakunywa majani au vidonge." Mwambie leo hii asinywe kitu. Kutoa mimba kienyeji kunaleta kutokwa damu nyingi, kuoza kwa kizazi, ugumba na kifo. Kama ameshakunywa na anatoka damu, au ana homa au maumivu makali ya tumbo, apelekwe hospitali mara moja. Wauguzi wanatakiwa kumtibu kwanza. Aibu itakuja baadaye, na aibu haiui. Kuhusu baba, asiende kumwambia peke yake. Aende na shangazi au mwalimu, mtu ambaye baba anamheshimu. Na shule haijafa: tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana walioacha masomo kwa ajili ya mimba kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua.

"Kwa nini mwandishi alimwua Rosa?" Nadhani alitaka tuumie, ili tusikubali. Lakini mimi ni mtu wa afya, lazima niseme: kifo cha Rosa si jibu, na si mwisho uliokuwa lazima. Alikuwa na elimu, alikuwa na kazi mbele yake, alikuwa na wadogo zake. Kilichokosekana usiku ule ni mtu mmoja wa kukaa naye. Kama kuna mmoja wenu anayefikiri kufa ni nafuu, anione nikimaliza hapa, au amwone mwalimu wa malezi leo kabla ya kulala. Na kama ni rafiki yako amekuambia hivyo, hiyo si siri ya kutunza. Usimwache peke yake, mwambie mtu mzima.

NENO LA MWISHO

Wavulana, mlidhani leo mmesamehewa. Miaka 10 au 15 ijayo wengi wenu mtakuwa akina baba. Binti yako atakapoletewa barua, au ujumbe wa simu, utafanya nini? Kama leo unawaita wasichana wa darasa lako majina mabaya kwa kuwa tu wamesimama na mvulana, basi fimbo ya Zakaria umeshaishika, bado tu kupata mtoto wa kumpiga. Anza sasa kuwa mtu anayeuliza kabla ya kuhukumu.

Na nyinyi wasichana, kumheshimu baba ni jambo jema, liendeleeni. Lakini usalama wako usiutegemee kwenye woga wa mtu ambaye kesho hatakuwepo. Uwe na sababu zako mwenyewe: masomo yako, afya yako, maisha unayoyataka. Hizo zinapanda basi pamoja nawe.

Kitabu kipo, kama maktaba yenu ina nakala moja, kisomeni kwa zamu, halafu mbishane.  (Makofi.)

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KLABU

1. Taja tofauti tatu kati ya kumchunga mtoto na kumlea. Nyumbani kwenu ni kipi kinafanyika zaidi?

2. Wagawanyike watu wanne: mmoja awe Rosa, mmoja Zakaria, mmoja Regina, mmoja Charles. Igizeni siku ya barua, lakini safari hii baba akae asikilize kwanza. Mambo yanabadilika vipi?

3. Kati ya Zakaria, Deogratias, mkuu wa chuo na Charles, nani ana lawama kubwa zaidi? Toeni sababu.

4. Kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila kumwonyesha mtu, jina la mtu mzima mmoja anayeweza kumweleza tatizo. Asiye na jina la kuandika amwone mlezi wa klabu.